Maiki ya Banda la Mzee Kondo

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya! Mzee Kondo, mwenye banda la video hapa Mtoni, kamleta mpwa wake. Anaitwa Mwinjuma. Kamaliza kidato cha sita, kavaa miwani, Kiingereza anakijua chote. Mzee kasema wiki hii tutashika maiki kwa zamu. Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, banda likifurika, kila mmoja atafsiri filamu moja, na watakayempenda watu ndiye atakayebaki.

Kubaki! Maiki ile nimeishika miaka sita. Mtoni nzima wananiita DJ Apo. Bila maiki mie ni nani? Apolinari, mpangaji wa chumba cha uani, anayepangiwa zamu ya kufagia.

Ishu ni moja, na naiandika hapa kwa siri. Kiingereza sijui. Kikorea sijui. Kihindi najua neno moja, nalo nadhani ni tusi. Mie sauti ya filamu naizimaga kabisa, natazama nyuso, nasimulia. Mtu akikunja uso, kadhulumiwa urithi. Akilia, mama mkwe. Sijawahi kukosea.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekosea.

Ilikuwa tamthilia ya Kikorea. Mwanzoni kabisa nikatangaza kwamba kijana na binti ni ndugu wa tumbo moja, walitenganishwa na mafuriko. Banda likalainika. Dakika ya arobaini wakabusiana. Mdomoni!

Kelele! Mama Jenipher, anayekaanga mihogo mlangoni na kutazama bure, akasimama na mwiko wake akauliza DJ Apo leo kapatwa na nini. Nikakohoa. Nikasema kumbe walibadilishwa hospitali, nesi alichanganya vichanga. Makofi! Mama Jenipher akakaa, akamwambia mumewe kwamba yule nesi alimshuku toka mwanzo. Nesi hakuwepo popote kwenye filamu.

Mwinjuma hakupiga makofi. Alimnong'oneza mjomba wake kwamba maandishi ya Kiingereza chini yanasema wale ni wakili na mteja. Ovyo kabisa! Nani anatoka kwake kuja bandani kumtazama wakili?

Jumatano, 6 Agosti

Nina mpango. Flashi ya Mwinjuma, yenye filamu yake ya kesho, imefungwa kamba nyekundu. Nimetafuta kamba nyekundu.

Nikaenda kwa Daniel, anayeingizia watu filamu kwenye flashi, nikamwomba kitu kinachochosha kuliko vyote alivyonavyo. Hakufikiri hata kidogo. Akanipa dokumentari, filamu ya mambo ya kweli. Mzee wa Kizungu anatengeneza jibini mlimani, saa nzima na nusu. Bunduki hakuna, mapenzi hakuna, ng'ombe tu. Daniel akaapa kwamba kila akijaribu kuimaliza anasinzia.

Mwinjuma alipokwenda kuswali adhuhuri, nikabadilisha flashi. Kesho tutaona Kiingereza chake kitamsaidia nini na ng'ombe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekaa nyuma, nimejiandaa kucheka. Picha ikatokea. Ng'ombe. Mwinjuma akashtuka, akaitazama flashi, akanitazama mie. Nikatazama dari.

Halafu akaanza kutafsiri taratibu, neno kwa neno. Kumbe yule mzee mkewe amefariki. Kumbe jibini lile alikuwa akilitengeneza marehemu, na mzee hakuwahi kumuuliza anatia chumvi kiasi gani. Sasa anajaribu, anakosea, anaanza upya. Kila asubuhi! Mihogo ya Mama Jenipher ikaungua, hakuna aliyejali. Mzee Kondo akavua kofia akajifutia macho. Mwisho mzee akaonja, akatabasamu, akatoa vijiko viwili.

Vijiko viwili, jamani!

Mie sikulia. Ulikuwa moshi wa mihogo. Ila nimekosa hamu ya kula, na kesho ndiyo kesho.

Usiku huu nimepata jibu. Watu wanataka wazee! Basi watapata mzee.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Asubuhi nilimwambia Daniel anipe dokumentari ya mzee, ila yenye huzuni kuliko ya jibini. Kanipa ya mzee mwembamba anayechonga vinyago chini ya mti. Nikaijaribu pale pale kwake. Kinyozi wa jirani kaachia muziki wa singeli kwa nguvu zote, sikusikia chochote, lakini nyuso niliziona vizuri, nami nyuso zinanitosha. Nikaamua ni Nigeria.

Banda lilifurika mpaka watu wakakaa juu ya spika. Mwinjuma alitangulia, filamu ya mahakamani. Wakili tena! Watu walimsikiliza kwa adabu. Nikajisemea hapa hapa namaliza kazi.

Nikazima sauti. Nikashika maiki. Nikanguruma. Nikasema huyu ni Chifu Babatunde, mchawi mkuu, hapendi wakwe. Kila kinyago anachochonga ni mkwe mmoja, akimaliza kukipiga msasa mkwe anakata roho. Banda likashika pumzi. Kinyago cha kwanza, mkwe wa kwanza chali! Cha pili, chali! Cha tatu kilikuwa kinene, kina kipara. Watu wakaanza kumtazama mume wa Mama Jenipher, naye ni mnene, ana kipara. Wengine wakacheka. Sikuelewa wanachekea nini, nikaongeza moto. Nikasema huyu wa tatu ndiye anayechukiwa zaidi, maana anakula bila kufanya kazi.

Mama Jenipher akasimama. Akapita katikati ya watu mpaka mbele, akaiziba televisheni. Akasema yule ni baba yake mzazi, Mzee Fransis wa Masasi. Akasema shati alilovaa kamnunulia yeye Krismasi. Akataka kujua ni lini baba yake, mzee wa kanisa, amekuwa chifu wa Nigeria.

Nikamwambia, kwa upole, kwamba duniani watu wanafanana.

Mwinjuma akachukua rimoti. Akapandisha sauti. Mzee kwenye televisheni akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu kwamba karibuni sana wageni, yeye kazi hii kafundishwa na marehemu babu yake, na kinyago hiki anamchongea mkwewe wa Dar es Salaam, kwa sababu anampenda.

Kiswahili! Filamu nzima ni Kiswahili!

Hapo ningenyamaza. Lakini miaka sita ni mingi, mdomo una mazoea yake. Mzee alipotua tu, nikasikia maiki inasema, kwa sauti yangu, kwamba hapo anasema atawaua wote.

Mwiko wa mihogo una mafuta ya moto. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Maiki kapewa Mwinjuma. Watu wote walinyoosha mikono, hata niliowaazima mwavuli. Mzee Kondo kanipa kazi ya mlangoni, kupanga viatu na kuzuia wanaoingia na kuku. Nikaitikia sawa, nikaenda nyuma ya choo nikalia. Hapakuwa na moshi.

Jioni Mama Jenipher akaja. Nikarudi nyuma hatua tatu. Hakuwa na mwiko, alikuwa na simu. Mzee Fransis yuko hewani, kasimuliwa yote, anataka kuongea nami. Nikampa shikamoo ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kama yule mkwe wa tatu alipona.

Nikamsimulia mpaka dakika za Mama Jenipher zikaisha. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mume wa Mama Jenipher naye alikuwa kasimama pembeni, anataka kujua kama alipona.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Au karibu na ushindi.

Mzee Fransis kapiga simu mwenyewe kwa Mzee Kondo kuniombea. Basi nimepewa Jumanne mchana, saa ambayo bandani hukaa watu wanne na paka. Ila kwa sharti. Mzee Kondo kanikalisha chini kama mtoto, akaniapisha mbele ya Mwinjuma na Mama Jenipher kwamba sitashika maiki tena kwa lugha nisiyoijua. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, machozi yakanilengalenga. Nimejifunza, nikawaambia. Mama Jenipher akanipa muhogo.

Nimetoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Daniel. Nimechukua filamu ya hapa hapa Temeke, Kiswahili mwanzo mwisho. Daniel kashangaa, kasema hiyo haina haja ya kutafsiriwa. Masikini, hajui kazi. Nimeitazama mara moja, wale waigizaji hadithi yao wenyewe hawaijui. Yule dada wanasema ni mfanyakazi wa benki. Uso ule? Yule kadhulumiwa urithi.

Sauti nitaizima. Rimoti nimeshaificha.