Makosa Yangu ya Bahati Mbaya

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejiandikisha kwa mashindano ya kadi ya Jumamosi, hapa Silanga. Zawadi ni meko ya gesi, mtungi umejaa. Jiko letu la makaa nimempa jirani, Nasike. La nini tena? Mke wangu Nelima alirudi na maharagwe mabichi, akauliza atapikia wapi. Nikamweleza kuhusu Jumamosi. Tumekula mkate.

Jumanne, 5 Agosti
Mkutano wa wachezaji. Mwamuzi ni Sitelbanat, mwenye nyumba za kupanga kule Makina. Wapangaji wake wanasema hadanganyiki. Tutaona.

Alieleza sheria. Ukikosea, inua mkono umwite. Kosa likijulikana mapema, mchezo unarudishwa nyuma. Likichelewa, mchezo unaendelea na unapewa onyo tu. Ukirudia kosa lile lile, umeshindwa. Ukikosea kwa kusudi, unatolewa nje. Duncan, fundi wa simu aliyenishinda mwaka jana, aliuliza atajuaje ni kusudi. Sitelbanat akasema yeye huuliza tu, halafu husikiliza.

Huuliza tu! Nimecheka njia nzima.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango umekamilika. Anayeishiwa kadi kwanza ndiye mshindi. Basi nitakosea mara tatu, kila kosa la aina yake, na kila moja nitaliungama likiwa limechelewa. La kwanza, nitajigawia kadi tatu badala ya nne. La pili, nitatupa mbili zilizoshikana kana kwamba ni moja. La tatu, sitasema "niko kadi", ile ilani ya lazima kabla ya kumaliza, ili Duncan asijihami. Nimefanya mazoezi ya kushtuka mbele ya kioo. Nelima aliuliza kama tumbo linaniuma.

Ijumaa, 8 Agosti
Mkate, siku ya tano. Nasike amechemsha maharagwe kwa jiko letu na Nelima amekula huko. Mimi sikuitwa. Imeniuma, siwezi kuficha. Nimenakili mpango wote upya kwa kalamu nyekundu, pamoja na mahali pa kushtuka. Kesho nitabeba shajara, maana makosa ni mengi.

Jumamosi, 9 Agosti
Fainali, mimi na Duncan. Kosa la kwanza lilienda vizuri mno. Baada ya zamu sita niliinua mkono, nikashtuka. Sitelbanat akasema mchezo umeshasonga, onyo kwangu. Kisha akampa Duncan onyo pia, kwa kutohesabu kadi za mwenzake! Hilo sikulitarajia. Duncan akaniangalia sana. "Murunga," akasema, "wewe huwanga unajua kuhesabu poa sana."

Kosa la pili, onyo la pili. Sitelbanat aliuliza kama ni bahati mbaya. Nikaapa.

La tatu nikalisahau. Yaani nilisahau kweli lilikuwa lipi. Nikafungua shajara chini ya meza kidogo tu. Duncan akainua mkono. Kumbe kusoma maandishi katikati ya mchezo nako ni kosa. Lilikuwa kosa langu la pekee la bahati mbaya siku nzima.

Sitelbanat alikuwa mpole. Akasema ni onyo tu, mradi maandishi hayahusu mchezo. Akaomba ayaone. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye mazoezi ya kushtuka akainua macho anitazame. Nilikuwa nimeshashtuka tayari.

Akauliza kama hii pia ni bahati mbaya. Nikasema ndiyo. Akanirudishia shajara, akanionyesha mlango. Meko imeenda na Duncan.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeenda kuomba jiko. Nasike akasema hakuazima, alipewa. Nelima alikuwa hapo hapo akisonga ugali, akasema ni kweli, alipewa. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nimewaza mchana kutwa nikagundua nilipokosea. Ni kalamu nyekundu. Inavutia macho.

Jumamosi ijayo kuna mashindano Gatina, na mwamuzi wa huko hanijui. Zawadi ni jiko la umeme pamoja na sufuria zake. Nimejiandikisha. Mpango wote uko ukurasa unaofuata, kwa kalamu ya bluu.

Jioni nimempelekea Nasike sufuria zetu zote.