Mwanzilishi wa Bodi ya Maji

Siku sheria mpya ya maji ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali, watu walipita bila kuitazama. Mjanja mmoja, Ulimi-Asali, alisimama, akasoma ukurasa wake wa kwanza mara mbili, akatabasamu kama paka aliyeachiwa chungu cha maziwa. Sheria ilisema wakazi mia mbili wakitia sahihi, eneo lao linapata bodi yake ya maji. Haikusema popote kwamba viti vya bodi vinauzwa. Hilo aliliongeza mwenyewe, kwa faida ya umma.

Kufikia Alhamisi alikuwa ameshauza uenyekiti mara mbili. Mchinjaji alitoa mbuzi, mwenye nyumba za kupangisha akatoa godoro jipya. Fundi cherehani, mjane, alitoa cherehani yenyewe, ile iliyomlisha, ili binti yake awe msoma mita. Mama mwenye binti asiye na kazi hudanganyika hata na kivuli.

"Kifungu gani kinasema atapata kazi?" fundi akauliza, cherehani imeshatoka mlangoni.

"Cha kumi na moja, mama yangu." Ulimi-Asali akakikariri mbio hata inzi asipate pa kutua. "Umesikia?"

"Mbio nimezisikia. Maneno bado."

Watu nao walikuwa wagumu kutia sahihi. "Anza wewe, mkubwa," mchinjaji akamwambia. "Mpishi huonja kwanza." Basi Ulimi-Asali akaandika jina lake juu kabisa, na pembeni, kwa herufi kubwa, MWANZILISHI. Kujisifu hakutozwi ushuru.

Sahihi zilipotimia, karatasi aliiacha mezani kwa fundi. Yeye alitaka vitu, maji hakuwa na kiu nayo. Fundi, kwa imani yake, akaipeleka ofisini. Pale ukutani akaisoma sheria kwa kidole, mstari kwa mstari, darasa la saba lake lote likitoka jasho. Alipomaliza, akaenda kumwona mkaguzi wa maji.

Jumamosi asubuhi Ulimi-Asali alikuwa akifunga vitu kwa kamba juu ya pikapu, mkaguzi akatokea.

"Mwanzilishi ni nani?"

Mtaa mzima ukamnyooshea Ulimi-Asali kidole. Kukana hakukufaa; mchinjaji alikuwa amekuja na kisu chake cha kazi.

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Hongera. Kwa sheria, mwanzilishi haondoki hapa mpaka maji yatoke, wala hapokei kitu cha mkazi. Kitambulisho chako nitakaa nacho. Na hivi ni vya nani?"

"Vya wenyewe. Nilikuwa... nawasaidia kuhamisha."

"Basi rudisha kila kimoja mlangoni kwake."

Cherehani ilipotua mahali pake, Ulimi-Asali akanong'ona, "Mama yangu, mshahara wa mwanzilishi je?"

"Kifungu cha kumi na tisa," fundi akajibu, taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. "Hana. Sepetu hiyo hapo, baba. Mtaro wa bomba unaanzia kwangu."