Fimbo Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka ukumbini kucheza pool. Nimewekwa mbele. Tena! Miaka miwili sasa.

Niandike vizuri ili siku moja ijulikane nilivyoonewa. Ukumbi una meza sita. Nne ziko mbele, karibu na redio na friji ya soda. Huku tuko sisi wa vicheko: wanaokalia meza, wanaoweka chupa ukingoni, wanaopiga mpira mweupe hadi sakafuni. Mbili ziko nyuma ya kilango kifupi cha mbao kinachonifika kifuani. Huko hakuna redio. Huko mtu akikosa hakuna anayecheka. Na huwezi kuomba kuingia. Ukiomba, Mama Kimya, mwenye ukumbi, anasema meza zimejaa, hata kama ziko tupu na nyote wawili mnaziona. Unasubiri uitwe.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliitwa siku yake ya pili. Ya pili! Yule ambaye siku ya kwanza alipewa fimbo namba saba, akaigeuza geuza, akairudisha, eti haimfai. Kiburi gani hicho? Mimi hupewa hiyo hiyo namba saba kila nikifika, naipokea kwa mikono miwili, na nasema asante. Adabu yangu haionekani.

Yote hayo ningeyavumilia, lakini baba mkwe anakuja Jumamosi. Ni seremala mstaafu, mtu wa maneno machache. Mwaka jana kwenye simu nilimwambia kwamba nacheza meza za nyuma. Sijui kilichonipata. Aliniuliza tu kama sijambo. Sasa anataka kuja kuniona nikicheza.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kufanana nao. Nimewachunguza wale wa nyuma. Wanaizunguka meza kabla ya kupiga. Wanachuchumaa. Wanapaka chaki polepole, kama wanawaza mambo ya nyumbani. Basi leo nimeizunguka meza mara tano. Nimechuchumaa, goti likalia kwa sauti. Nimepaka chaki hadi ikaisha. Mwuza viatu, niliyekuwa nikicheza naye, ameniuliza kama kuna kitu kimeniangukia chini ya meza. Mama Kimya ameinua macho kwenye sweta analofuma. Ameyashusha.

Na si kwamba sijui kucheza! Nina ufundi wangu. Nikitaka mpira uende tundu la kona, nalenga kushoto kidogo, upana wa vidole viwili. Mara nyingine unaingia. Hakuna aliyenifundisha.

Jumatano, 6 Machi

Kazini balaa. Mimi ni mwandishi wa mabango, na bango nililompa mwuza viatu eti linapanda mlima. Amesimama barabarani, amelaza kichwa begani ili alisome. Nimemwambia ukuta wake ndio unaoshuka. Ameondoka akinung'unika.

Mchana shemeji amekuja kula. Nimemsihi anipe siri ya nyuma. Amesema hakuna siri, nishike tu fimbo niitazame vizuri. Nimemjibu kwamba naitazama mwaka wa pili huu. Amecheka mpaka akapaliwa, mama watoto akampigapiga mgongoni. Roho mbaya tu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Wa nyuma wote wana fimbo zao wenyewe. Na mimi lazima niwe na yangu. Na ipi, kama si namba saba, iliyozoea mkono wangu?

Nimemwendea Mama Kimya asubuhi, ukumbi mtupu. Nimemwomba anipe namba saba, nami nimwandikie bango lolote alitakalo. Ameuliza ipi. Nimesema saba. Ameuliza kama nina hakika, maana zipo nyingine. Nimesema hiyo hiyo. Akasema ile fimbo ina kazi yake pale ukumbini, itampa taabu kupata nyingine kama hiyo. Nilijua! Mwishowe amekubali, huku akitikisa kichwa. Bango lake ni la kutundika juu ya kilango: SUBIRI UITWE. Nimelimaliza kabla ya saa sita. Amelitundika, akarudi nyuma hatua mbili, akalisogeza upande mmoja, halafu mwingine, akaliacha.

Ijumaa, 8 Machi

Mtu mwenye fimbo yake hutembea nayo kwenye mfuko. Nimejitengenezea wa bomba la plastiki, nikaupaka rangi nyeusi na kuandika jina langu kwa dhahabu. Fimbo imeingia nusu, ikakwama. Nimesukuma. Nimekanyaga. Nimepaka sabuni. Haiendi mbele wala hairudi. Mabomba ya siku hizi hayanyooki! Mama watoto ameshika bomba, mimi nimeshika fimbo, tumevutana ua mzima hadi nimeanguka kwenye beseni la nguo.

Nimelipasua bomba kwa urefu, nikalifunga kamba. Kwa mbali linapendeza.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike tu.

Tumefika saa tisa alasiri, mimi, baba mkwe na shemeji. Nimekwenda moja kwa moja hadi kwenye kilango, bomba begani, nikasimama chini ya bango langu. Nilitumaini Mama Kimya ataona aibu kuniacha pale mbele ya mzee. Hakuona. Nikasimama. Baba mkwe naye akasimama. Ili kupitisha muda, akaomba aione fimbo yangu.

Akafumba jicho moja. Akaitazama kutoka kitako hadi ncha. Kisha akailaza juu ya meza ya karibu na kuiviringisha kwa kiganja. Ikaruka ruka, tak, tak, tak. Mwuza viatu akazima redio.

"Mwanangu," baba mkwe akasema taratibu, "huu mti umepinda. Umeuchezea muda gani?"

Nikasema miaka miwili. Sauti ilitoka ndogo.

Mama Kimya akaweka sweta chini. Akaja, akafungua kilango. Moyo ulinipasuka kwa furaha! Akampa mkono baba mkwe, mtu ambaye hajawahi kupiga mpira maishani mwake, akamwambia karibu ndani, mzee. Nikamwuliza na mimi je.

"Fundi," akasema, "hiyo fimbo ndiyo mlango wenyewe. Kila mgeni nampa hiyo. Anayeirudisha, namwita. Wewe umeinunua."

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Si kwa sababu ya fimbo. Ni kwa sababu mzee aligeuka kunitazama, akajua kwamba nilimdanganya.

Jumapili, 10 Machi

Baba mkwe hajamwambia binti yake chochote. Tangu asubuhi yuko uani na randa. Nimempelekea chai, nikamwomba radhi kwa yale ya simu. Amesema hakuja kuona meza, amekuja kuniona mimi. Nikashika ubao alioniambia nishike.

Jioni amenikabidhi fimbo mpya. Nimeiviringisha sakafuni. Imekwenda kimya hadi ukutani. Kitu kizuri! Nimeapa kwamba kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemsindikiza baba mkwe kituoni, kisha mbio ukumbini. Nimeiviringisha fimbo mpya mbele ya Mama Kimya. Mara tatu, asije akakosa kuona. Kisha kilango kikafunguka. Nimeitwa! Nimepita chini ya bango langu mwenyewe, na nakiri kwamba ukiwa karibu linashuka kidogo.

Shemeji alinipisha nianze. Nimelenga kama kawaida, kushoto, vidole viwili. Mpira umekwenda kushoto, vidole viwili. Nikarudia. Kushoto. Mara ya tatu mpira mweupe umeingia tundu peke yake. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Nimeifunga fimbo yangu kwa gazeti nikatoka.

Jumanne, 12 Machi

Nimefikiria na nimeelewa. Kosa si la mkono wangu. Mkono huu una uzoefu wa miaka miwili. Kosa ni la mti wa mzee. Hana habari ya pool, masikini, amefanya alivyoweza.

Asubuhi hii, kabla ya kwenda kazini, nimechemsha sufuria kubwa ya maji. Nimeishika fimbo juu ya mvuke, goti langu katikati, namba saba kando yake kama kipimo. Mama watoto ameingia jikoni akauliza naifanyia nini fimbo ya baba yake.

Nikamwambia nainyoosha.