Wageni wa Vitanda Vyetu vya Kufumia

Kijiji cha Ujamaa Juhudi,
jirani na Ntalikwa, Tabora.
4 Septemba, 1973

Ndugu Afisa Utamaduni,

Salaam nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mezani, ukiwa na afya. Sisi wazima, ila tunatazamwa.

Mimi ni Veneranda, mfumaji wa nguo katika kikundi cha kijiji. Mwezi wa tano wewe ulituletea bango lililoandikwa KIVUTIO CHA WAGENI. Tulipiga vigelegele. Hatukujua kivutio ni sisi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama mkwe wangu, Bernadeta, anasumbuliwa na mifupa, nami nilimwahidi shuka zito kabla ya kipupwe. Lakini kila wakija wageni, msaidizi wako huniambia, "Mama, fumua kidogo, uanze mwanzo wapate kuona." Nimefumua mara tisa. Kipupwe kimekwisha, shuka halijazidi kiganja.

2. Bwana mmoja alipoambiwa kwamba mtambo wetu huu wa nyuzi ni kitanda cha kufumia, aliuliza tunalala wangapi.

3. Mama mkwe mwenyewe ameharibika. Msaidizi wako alidai bibi huyu anafuma tangu enzi za misafara. Sasa huwasimulia wageni alivyobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, ilhali safari yake ndefu kuliko zote ni ya treni hadi Bukene, tena alitapika njia nzima. Nilipomkanya alinijibu, "Mwanangu, wametoka mbali. Niwape nini, uji?"

4. Mume wangu Ambrosi, asiyejua kufunga hata kamba ya kiatu, ndiye anayewaeleza wageni kazi yangu.

Kwa kuwa Ujamaa ni usawa, tunaomba wafumaji kumi na wawili tuje ofisini kwako, tukutazame ukifanya kazi. Tutasimama nyuma ya kiti chako. Tutashikashika karatasi na kuuliza nani alikufundisha kuandika. Ukifika katikati ya barua tutakuomba uichane, uanze upya, Ambrosi apate kutueleza. Tukiridhika, tutakupigilia bango mlangoni.

Wasalimie mama watoto, makarani wote, na yule dereva aliyesifu mihogo yetu.

Mwenzako katika kujenga Taifa,
Veneranda Elieza

Nyongeza: Nilikuwa naifunga barua hii alipoingia mgeni, Mzee Kurban, mwenye duka la vitambaa mjini. Hakuuliza kitu. Alivua koti, akaketi, akaunga uzi uliokatika, akasema marehemu baba yake alikuwa mfumaji. Tumefuma pamoja siku tatu na shuka limekwisha. Mama mkwe amejifunika, analala hadi jua linachomoza. Kwa hiyo wageni waendelee kuja, hata kila siku. Safari ya kuja kwako tumeiahirisha, hatuna nafasi: asubuhi hii Mzee Kurban amerudi na mkewe Parvin, ambaye amelitazama shuka na kusema pindo langu limelegea. Nimempisha kitandani anionyeshe.