Kuhusu Ndevu za Pilato na Nafasi Yangu ya Bikira Maria

Manyatta, Kisumu
Machi 1991

Kwa Padre wa parokia yetu,

Padre,

Nakusalimu kwa heshima yote, nikitumaini malaria imekuachilia. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inachemka. Siandiki kumsengenya mume wangu. Naandika kumshtaki.

Unajua wageni wa parokia rafiki ya Ujerumani walimchukua Ochieng mwaka jana, kwa kuwa ni seremala na ndiye Pilato wetu kila Ijumaa Kuu, wakamtembeza kijiji kimoja cha milimani. Huko, kama ajuavyo kila mtu Manyatta maana Ochieng hajanyamaza tangu ashuke kwa ndege, wazee wa zamani waliweka nadhiri wakati wa tauni kwamba wataigiza Mateso ya Bwana kila baada ya miaka kumi. Wanachonga watakatifu wa mbao na kufuga ndevu. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na huyu aliyerudi.

1. Ndevu. Anasema kule mwigizaji hanyoi mwaka mzima kabla ya mchezo, kwa hivyo naye hanyoi. Ukimbana sana anakubali kwamba hata huko Warumi huruhusiwa kunyoa, na Pilato alikuwa nani kama si Mrumi? Akila omena, dagaa wengine wanabaki humo wakingoja kesho.

2. Kazi. Amekuwa mchongaji. Jirani yetu Selpha aliagiza kabati la vyombo, akaletewa Mtakatifu Bartholomayo. Selpha ni mtu wa dini, alishukuru, lakini vikombe bado viko sakafuni.

3. Kunawa mikono. Nikiuliza jambo lolote la nyumbani, kama nani aliacha mlango wazi mbuzi akaingia kwa unga, anaitisha beseni la maji na kunawa mbele ya watoto. Na maji yenyewe tunaletewa kwa mkokoteni!

4. Anasema mchezo wa mara moja kwa miaka kumi ndio unakuwa na utamu. Nimemwarifu kwamba nitampikia kwa ratiba hiyo hiyo.

5. Hapa ndipo penye donda. Kwa mkutano wa waigizaji alileta sheria, kwamba mwanamke aliyeolewa, au aliyepita miaka thelathini na tano, asiigize, maana ndivyo wazee wa kule walivyofanya hadi juzi juzi. Mimi ndiye Maria wa parokia hii tangu kanisa likiwa la mabati. Padre, wewe umesoma. Bwana alisulubiwa akiwa na miaka thelathini na tatu. Mama yake akiwa hajafika thelathini na tano, alimzaa lini? Na kama hakuolewa, Yusufu alikuwa nani pale nyumbani, mpangaji?

6. Akaongeza kwamba aigize aliyezaliwa hapa tu. Akauliza nani ni wa Manyatta, ainue mkono. Ulikuwa safarini, Padre, ungeona. Mjaluo anaulizwa hivyo kweli? Manyatta tunalala tu, kwetu ni pale babu alipozikwa. Petro akasema yeye ni wa Alego. Yuda akasema Gem. Waliaula, Yesu wetu, akasema Bungoma. Mimi ni wa Luanda Kotieno kwa kuzaliwa na Ugenya kwa kuolewa. Pilato mwenyewe, aliyezaliwa hapo nyuma ya kinu cha posho, alishindwa kuinua mkono, maana baba yake angefufuka. Uliinuka mkono mmoja, wa msichana aitwaye Wangu, binti ya Hiram mwenye duka, Wakikuyu wa Murang'a. Hajaolewa, ana miaka kumi na tisa. Akapewa Maria. Kwa sheria hiyo angepewa hata nafasi za askari wote na ya punda. Hata Bwana Yesu angekosa nafasi Nazareti, maana alizaliwa safarini. Na wewe uliyezaliwa Uholanzi, tuone nani atasoma Misa.

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu sheria hizi zitupwe ziwani, Ochieng anyolewe mbele ya baraza la parokia, kwa nguvu ikibidi, na nirudishiwe kitambaa changu cha bluu cha kichwani, kile cha Maria. Bila hicho, Ijumaa Kuu mimi ni mama tu aliyesimama kando ya barabara. Hiyo ndiyo siku moja kwa mwaka watu wananyamaza nikisema kitu, na inaniuma kunyang'anywa.

Nisalimie katekista, masista, mpishi wako, na Gakenia mama yake Wangu pia, kwa sababu ni Kwaresima.

Ni mimi, mwenye imani na hasira,
Perez Awuor, mke wa Pilato

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilipita mazoezini, nikiwa nimepanga kucheka. Waliaula akashushwa msalabani, Wangu akampakata, akaanza kumlilia kwa Dholuo, kwa sauti ile ya matanga, akimwita nyathina, mtoto wangu, mkono mmoja kichwani vile mimi huweka. Uwanja wote ulinyamaza. Baadaye nilimwendea kwa ukali, nikataka kujua ni nani alimfundisha hayo. Akasema, "Ni wewe, Mama. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikisimama mbele kabisa nikikuangalia." Nililia, Padre. Pilato naye alilia, machozi yakapotelea kwa ndevu.

Mwachieni mtoto kitambaa, nitakipiga pasi mwenyewe. Lakini naambiwa Maria alikuwa na mama, Mtakatifu Anna, mwanamke mzima tena aliyeolewa. Kwa mchezo wetu hayuko, na hiyo ni dhambi. Awekwe chini ya msalaba, na apewe maneno mengi.