Prêle Yangu na Waridi za Mardochée

Jumamosi, 8 Novemba 2025
Tumetoka kwa jirani Mardochée, zamu yake ya kupokea kikundi cha sala. Aibu! Ana waridi nyekundu ukuta mzima; kwetu hakuna hata ua moja. Mama Myriam, kiongozi wetu, alinusa moja akafumba macho. Kisha akatangaza: kabla ya Pasaka kikundi kitachagua uwanja mmoja wa kudumu, na mwenye uwanja atakuwa naibu wake. Naibu! Mardochée alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Alhamisi, 13 Novemba
Shemeji Ézéchiel, dereva wa lori, amevuka mpaka wa Kasumbalesa na gunia la prêle, mmea uitwao mkia wa farasi, kama ile niliyoiona kwenye bustani ya hoteli mjini. Haina maua. Vijiti vya kijani tu, vimenyooka, vina pingili kama mianzi midogo. Fahari tupu! Ézéchiel alisisitiza niipande ndani ya beseni la saruji, la sivyo mizizi itasambaa chini kwa chini. Nilicheka. Nimeipanda ardhini, kando ya ukuta. Mke wangu Émerance alisimama mbele ya lengalenga yake, mboga inayotulisha mwaka mzima.
"Papa Caleb, isifike mu lengalenga yangu!"
Nimemwapia.

Jumapili, 11 Januari 2026
Ushindi! Zamu yetu leo. Prêle imefika kiunoni. Mama Myriam aliipapasa, akasema Mungu ni fundi. Mardochée alikohoa tu. Kijiti kimoja kimechomoza kwenye lengalenga. Nimeking'oa kabla Émerance hajaona.

Jumatatu, 2 Februari
Mama yangu! Lengalenga imejaa vijiti! Émerance aliniita, akanionyesha kwa kidole, akanikabidhi jembe. Afadhali angepiga kelele. Nimekatakata mizizi yote kwa jembe, vipande vidogo vidogo, nikavifukia vizuri. Kwisha.

Jumatatu, 16 Februari
Haikwisha. Kila kipande kimeota! Émerance amehamisha mboga zilizobaki kwa dada yake. Nimeuliza kurudi ni lini. Naye ameniuliza: mboga au yeye?

Jumapili, 22 Februari
Zamu yetu tena. Katikati ya sala, macho yote yamefumbwa, Mama Myriam akaruka.
"Nyoka! Nyoka iko chini ya kiti!"
Viti chini, viatu huku, Biblia kule! Papa Précieux, mzee wa watu mwenye magoti mabovu, alikuwa wa kwanza barabarani. Mardochée peke yake aliinama kutazama. Si nyoka. Ni prêle! Imepasua saruji ya baraza na kumchoma mama wa watu unyayoni! Nilisema labda ni mbegu iliyodondoshwa na ndege. Wakaendelea kutafuta viatu vyao.

Jumatano, 25 Februari
Mardochée amebisha hodi. Nilidhani amekuja kunicheka. Macho mekundu.
"Papa Caleb, majani yako iko natoka mu maua yangu."
Nilikana. Akanishika mkono, akanipeleka. Yesu! Waridi zimenyauka, vijiti vimesimama katikati yake. Waridi hizo, ameniambia, zilipandwa na marehemu mama yake. Sikujua. Miaka yote hii, sikujua! Nimeomba msamaha. Nimemaanisha.

Jumamosi, 14 Machi
Kikundi kimechagua kwa Papa Précieux. Uwanja wake ni udongo mtupu! Hata nyasi hana! Mama Myriam amesema pale angalau mtu anaona anapokanyaga.
Mimi na Mardochée tumechimba pamoja tangu asubuhi, kwake kwanza, halafu kwangu. Tumepata mche mmoja wa waridi ulio hai, Mardochée akalia. Émerance ameleta chai, mara ya kwanza kunitazama tangu Februari. Mizizi yote tumeichoma moto. Nimewaapia wote wawili: basi, imetosha.
Mizizi yote, isipokuwa mmoja, mnene, mzuri kupita kiasi. Ulikuwa mfukoni. Nimetafakari na kosa langu nimeliona: niliipanda pembeni, ndiyo maana ikatangatanga. Mmea wa heshima namna ile unataka katikati. Nimeupanda katikati ya uwanja na kuumwagilia ndoo mbili.