Gari Lililoniuliza Mara Mbili Tu

Colm Gildea,
Duka la Viatu, Barabara Kuu.
30 Juni.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Basi la Wagonjwa.

Mheshimiwa Bibi Attracta Harkin,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa vizuri. Mimi naiandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kaunta, kwa sababu ambazo daktari anazijua na ambazo si adabu kumweleza mwanamke niliyemuuzia viatu kwa miaka ishirini na minane.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na msafara wenyewe. Kuendesha baiskeli siku tano kutoka Mizen, ncha ya kusini ya nchi yetu, mpaka Malin, ncha ya kaskazini, ili wagonjwa wetu wa saratani wapate basi jipya la kwenda kwenye matibabu ya mionzi kule Galway, ni jambo jema sana, na watu wenye akili timamu hulishangilia wakiwa wamesimama kando ya barabara. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka sita. Hakuna aliyewahi kulalamikia ushangiliaji wangu.

Na kwamba basi linahitajika, nalijua hilo kuliko kamati yako nzima. Mke wangu Dympna alipanda lile bovu la zamani wiki saba, Jumatatu kwenda, Ijumaa kurudi, na ndimo alimokuwa Februari ya mwaka juzi lilipozimika Barnesmore, pale milima inapobana barabara. Wagonjwa saba ndani, baridi kali, hita imekufa, blanketi mbili wanapokezana. Dympna amepona, anakusalimu, na ananikataza kuandika barua hii. Kwa hiyo usinione mtu nisiye na moyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu namna nilivyoandikishwa.

Aprili, pale ukumbi wa parokia, ilipotangazwa kwamba Eunan wa posta ameteguka kifundo, ulinigeukia mbele ya watu arobaini ukasema, "Colm, si utachukua nafasi yake wewe?" Nikajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, "Aah, mimi tena? Sitaweza, mama." Ukasema, "Acha utani wako, utaweza." Nikasema, "Hapana, jamani, tafuteni mtu mwenye mapafu."

Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Lakini nakukumbusha, ili iingie kwenye kumbukumbu za kikao, desturi tuliyokuzwa nayo sote. Ukikaribishwa chai unakataa mara ya kwanza usionekane mlafi. Unakataa mara ya pili usionekane msumbufu. Ya tatu unakubali, usionekane una dharau. Hapana ya tatu haipo. Sijui hata inatamkwaje, na marehemu bibi yangu, aliyekataa vitu vingi maishani, hakuwahi kuitamka. Wewe unalijua hilo, na bado uliuliza mara ya tatu, tena kwa sauti ya upole. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Haya basi, kama hakuna mwingine." Wakapiga makofi. Nilikuwa namaanisha zile hapana zote mbili.

2. Kuhusu imani ya majirani.

Nilipopitisha karatasi ya michango, Hughie muuza nyama aliifuta mikono yake, akaisoma karatasi yote, akasema, "Natoa, Colm, tena natoa vizuri. Lakini ufike Malin juu ya baiskeli. Ukipanda gari hata kwa kona moja, kwangu hupati hata mfupa wa mbwa." Wazo hilo liliwapendeza watu kupita kiasi. Kufikia Jumapili parokia nzima ilikuwa imetia saini kwa sharti hilohilo, na Padre akaongeza kwa mkono wake, "wala asisukumwe." Ndipo wewe ukanieleza, ukinimiminia chai, kwamba ahadi hizo ndizo zilizokuwa zimebaki kukamilisha bei ya basi, na kwamba muuzaji hatalishikilia zaidi ya mwisho wa Juni. Kwa maneno mengine, nisipofika, wagonjwa wanarudi kwenye zile blanketi mbili. Nakushukuru kwa kutonitwika mzigo wowote.

3. Kuhusu suruali ya baiskeli.

Sitasema mengi. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, mwenye umbo la mtu anayefanya kazi ameketi kwenye kistuli, hapaswi kuvalishwa kitu cha kubana kinachoonyesha alichokula. Kule Ennis mtoto mmoja alimuuliza mama yake kama mimi ni mmoja au wawili.

4. Kuhusu ukarimu.

Niliambiwa msafara huu ungenipunguza. Kila parokia tuliyopita, kina mama walikuwa wametoka na meza, mkate wa zabibu, siagi ya kimo cha kidole, na birika ambalo wanawake wawili ndio hulibeba. Nilikataa mara mbili kila mahali. Waliuliza mara tatu kila mahali. Kuna mama mmoja Tuam aliyeuliza mara nne, kwa sababu mimi nilikuwa bado natafuna ya tatu. Nimerudi na kilo mbili zaidi ya nilizoondoka nazo. Naomba kamati ichunguze kama imewahi kutokea.

5. Kuhusu gari, ambalo ndilo hasa linanifanya niandike.

Siku ya mwisho, mvua ya ubavuni, upepo wa usoni, nilifika Barnesmore nikiwa nyuma ya wenzangu wote. Magoti yalikuwa yameacha kusemezana. Nikashuka, nikalaza paji la uso juu ya usukani wa baiskeli, palepale pembeni mwa barabara ambapo lile basi lilizimika. Sikupachagua. Pumzi ndiyo iliyopachagua.

Likaja gari letu la kuokota waliochoka. Dereva wake, kama unavyojua, ni Marijke, yule Mholanzi wa jibini ya mbuzi, ambaye pia hujitolea kuendesha basi la wagonjwa, na ambaye amehamia kwetu majuzi tu, miaka ishirini na miwili iliyopita. Akashusha kioo. Ndani hita inavuma, kahawa inanukia. Akasema, "Colm, unapanda?" Nikasema, "Aah, hapana, niko sawa tu." Akaniangalia kuanzia kofia mpaka matope. "Una hakika?" Nikasema, "Kabisa, wewe usijisumbue."

Mheshimiwa Mwenyekiti, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kishikio cha mlango. Na usiniulize kama nililikumbuka basi jipya, na Hughie, na zile blanketi. Nilivikumbuka vyote, kimoja kimoja, na kishikio sikukiachia. Nilichokuwa nasubiri ni swali moja tu, ambalo mtu yeyote wa kwetu, hata mlevi, hata mkusanya kodi, angeliuliza.

Akasema, "Haya." Akapandisha kioo. Akaondoka.

Nilibaki na mkono hewani kama mtu anayeaga meli. Kilomita mia moja na ishirini zilikuwa mbele yangu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumkatalia.

Wala hakuishia hapo. Kila nilipozunguka kona nilimkuta amesimama mbele, mita kama mia tatu, taa za nyuma zinawaka. Nikikaribia, anaondoka. Alinifanyia hivyo mpaka Letterkenny, akanifanyia hivyo mpaka Buncrana. Mara mbili nilikazana nimfikie ili nimweleze maana ya adabu, na mara zote mbili akaenda kasi kidogo kuliko mimi, jambo ambalo halihitaji injini kubwa. Mtu akitaka kumkejeli mnyonge, zipo njia za mkato.

Niliingia Malin saa moja na robo jioni, muda wa saa tatu nyuma ya aliyenitangulia. Hughie alikuwa pale na koti lake la Jumapili. Hakuniuliza mimi, alimuuliza dereva. "Alipanda?" "Hakupanda." "Hata kona moja?" "Mlango haukufunguka." Hughie akanigeukia kwa macho ya mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Alilipa kesho yake. Parokia nzima ililipa, na basi hilo hapo nje ya kanisa, jeupe, hita inafanya kazi. Nimeijaribu.

6. Kuhusu madhara yaliyofuata.

Tangu siku hiyo nimegeuzwa shujaa. Watu wanaingia dukani, hawanunui hata kamba za viatu, wanataka tu kunishika bega. Padre amenitaja kwenye mahubiri, kati ya Ayubu na Mtakatifu Patriki. Nimejaribu kuwaeleza kwamba mimi sikuvumilia chochote, niliachwa tu barabarani, nao wanasema, "Ona na unyenyekevu wake." Nakataa mara mbili, wananisifu mara ya tatu, na unajua ya tatu huwa inaishaje.

Kwa hayo yote, naiomba kamati kwa heshima:

Kwanza, Marijke afundishwe kuhesabu mpaka tatu, na asipewe tena ufunguo wa gari lolote kabla hajafaulu mtihani. Mimi niko tayari kuusimamia.

Pili, ubavuni mwa gari paandikwe kwa herufi kubwa: HAPA TUNAULIZA MARA TATU.

Tatu, kamati yako, kwa kuwa ina watu wasomi, itubunie hapana ya tatu, isomwe kanisani, ili mtu mwenye duka aweze kubaki dukani mwake.

Nne, jina langu lifutwe kwenye msafara huu mwakani, na mwaka unaofuata, na siku zote ambazo Mungu atanijalia kuketi.

Msalimie Cathal mumeo, mwambie vile viatu vyake vya ngozi viko tayari tangu Pasaka. Nisalimie mama yako, na mapacha wenu, na Eunan pamoja na kifundo chake, ambacho nimekiona kikicheza ngoma kwenye harusi ya Jumamosi. Msalimie Padre. Msalimie hata Hughie.

Ni mimi, nikiwa wima na mwenye masikitiko,

Colm Gildea

Tanbihi: Nilikwisha kuifunga bahasha na kubandika stempu, Marijke akaingia dukani kunirudishia chupa yangu ya maji. Dympna akamwambia, "Kaa unywe chai." Akasema, "Hapana, asante, mbuzi wananisubiri." Dympna akasema, "Kikombe kimoja tu." Akasema, "Sitaki kuwasumbua." Lakini hakwenda. Alivua glavu, akaziweka magotini, akatulia, anamtazama Dympna. Dympna akamuuliza tena. "Basi, tone tu," akasema, akanywa vikombe vitatu.

Nikamtazama. Yeye akatazama keki. Kisha akasema, "Colm, miaka ishirini na miwili naishi hapa. Ile siku basi lilipozima mimi ndiye niliyekuwa dereva. Blanketi nilizigawa mimi. Ningekuuliza mara ya tatu, ungesema nini?"

Nikamkatia kipande kingine. Dympna ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kila kona siku ile Marijke alikuwa akisimama na kunitafuta kwenye kioo, na haondoki mpaka anione.

Stempu imeshabandikwa na si vizuri kuipoteza, kwa hiyo nimeichana bahasha upande, nimeongeza haya, na barua naituma kama ilivyo. Yale maombi manne usiyasome kikaoni. Mwakani gari aendeshe yeye yuleyule. Nami, kama bado hamjampata wa kushika nafasi ya Eunan, niulize. Utanivumilia tu kwenye zile hapana mbili za kwanza.